Bingwa Asiyekwama

Alama za matairi zilishuka ukingoni na kuingia kwenye kinamasi kama mtu anayerudi kwake. Hazikusita wala kuzungukazunguka kutafuta pa kushikia. Zilipinda kidogo kushoto, zikapinda tena kulia, zikaibukia ng'ambo, hatua chache kutoka nyumba ya pampu. Inspekta alichuchumaa akazitazama, mikono ikining'inia juu ya magoti, muda mrefu kiasi kwamba Koplo alianza kuona aibu kwa niaba yake.

"Alama zenyewe usiziguse," Inspekta akasema. "Pima pembeni."

Koplo akachomeka fimbo nusu hatua kutoka kwenye alama. Tope likaimeza yote, likataka na mkono.

"Mtu akiingia hapa, Afande, tutamtafuta kwa ndoana."

"Ndiyo maana nasema ni yeye," akadakia msimamizi wa pampu, ambaye alikuwa amewafuata tangu asubuhi akiwa na maneno mengi na mabuti safi. "Kisanduku cha kuendeshea pampu, mtu wa zamu alikiacha ukutani Jumamosi saa sita mchana, akaenda kula. Saa nane karudi, ukuta mtupu. Barabara ina geti, na mlinzi wa getini hajaona hata paka. Imebaki hapa. Na hapa, Afande, mji mzima anapita mtu mmoja tu."

"Na wewe Jumamosi?"

"Mapumziko yangu. Nilikuwa nyumbani nimelala, nikapigiwa simu."

Mji ulikuwa na siku ya tatu bila maji, na kwenye foleni za ndoo watu walikuwa wameshatoa hukumu. Huyo mtu mmoja waliyemsema kila mtu alimjua. Aliitwa Bata, bingwa wa mashindano ya topeni miaka mitano mfululizo, mwenye pikipiki ya matairi manne nyepesi, ile ya michezo, ambayo wenzake waliapa kuwa haijawahi kukwama tangu itoke kwenye boksi. Alikuwa mahabusu tangu Jumapili. Kesho saa tatu asubuhi angepelekwa mahakamani, na kwa jinsi faili lilivyokaa, asingerudi nyumbani karibuni. Mashine iliyovuka kinamasi ilikuwa ya chama chao cha mashindano, ile ambayo ufunguo wake unaning'inia msumarini bandani na kila mtu anaijua ilipo. Ilikutwa kichakani, imepakwa matope mpaka kwenye kiti.

Kila kitu kilikaa mahali pake, na Inspekta hapendi vitu vikikaa hivyo. Alirudi kituoni akaagiza Bata aletwe.

Bata alikuja na ndala miguuni, mrefu, mwembamba, shingo imenyooka kama yuko jukwaani anavishwa medali.

"Jumamosi, saa sita mpaka saa nane mchana. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nazunguka."

"Na nani?"

"Na mashine yangu."

"Kile kinamasi cha pampu, unaweza kukivuka?"

Kidevu kikapanda. "Mimi? Nimefumba macho, na simu sikioni naongea na mke wangu."

Koplo akasimamisha kalamu. "Niandike hivyo hivyo?"

"Andika."

"Unaelewa kwamba unajifunga mwenyewe?" Inspekta akauliza.

"Umeniuliza kama naweza. Hujaniuliza kama nilifanya."

"Ulifanya?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa wapi?"

Kidevu kikashuka. Bata akatazama vidole vyake vya miguu kama vimemwita. "Hizo saa mbili ziache tu, Afande. Ni zangu mwenyewe."

Waliporudi kwenye gari Koplo alikuwa anatabasamu. "Mwanamke. Mwanamume mwenye mke akisema saa ni zake, huwa ni za mwenzake."

"Labda," Inspekta akasema. "Lakini uliona? Nilipouliza habari ya wizi alinitazama usoni. Nilipouliza alikokuwa, akaona haya. Mwenye hawara angenidanganya haraka, maana amejiandaa. Huyu hakujiandaa kabisa."

Gereji ya chama ilikuwa nyuma ya maghala, banda la mabati lenye harufu ya oili na sabuni ya unga. Fundi wake, mtu mfupi mwenye kicheko cha karibu, alikuwa shemeji yake Bata, kaka wa mkewe. Wanachama wanne walikuwa wamekalia matairi chakavu, wakiijadili kesi kama wao ndio mawakili. Walipomwona Inspekta wakanyamaza kwa adabu iliyopita kiasi.

"Shemeji yako ana mwanamke mwingine?" Inspekta akamwuliza fundi, bila kuzunguka.

Banda zima likacheka.

"Shemeji? Akikutana na mwanamke anamweleza habari za cheni na rejeta mpaka mwenzake anakumbuka amebandika kitu jikoni. Dada yangu mwenyewe alimvumilia kwa sababu alizaliwa gerejini, kazoea."

"Basi nifundishe."

"Nikufundishe nini, Afande?"

"Kupita kwenye tope bila kukwama. Naambiwa ni mtu mmoja tu anaweza. Nataka kujua anaweza nini."

Hilo liliwafurahisha kuliko maswali ya kawaida. Fundi akatoa mashine ya mazoezi, akapunguza upepo kwenye matairi mpaka yakalegea kidogo yakakaa bapa chini. "Tairi gumu linakata tope kama kisu, linazama. Hili laini linajitandaza. Sasa sikia. Hii ya michezo si kama zile za mashambani zinazosukuma kwa matairi yote manne. Hii inasukumwa na ya nyuma tu. Ni nyepesi, lakini ukisimama katikati, umekwisha. Kwanza unatembea kwa miguu, unajua kina. Halafu gia ya pili, unaingia na mwendo wako, na mwendo huo huo unatoka nao."

"Nikiona inazama?"

"Hapo ndipo watu wote wanapoharibu. Wanaongeza mafuta. Tairi likizunguka bure linajichimbia shimo, nawe umelikalia. Punguza kidole kidogo, tikisa usukani kushoto kulia, tairi zitafute ukuta wa kung'ang'ania. Simama juu ya vikanyagio, makalio nyuma, pua ya mashine iwe nyepesi. Na macho yawe ng'ambo. Usitazame tairi. Ukitazama tairi unalifuata lilipo."

Nyuma ya banda palikuwa na shimo la mazoezi, tope jekundu la kufika magotini. Inspekta akavua koti, akampa Koplo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na goti moja la maneno maneno, lakini alipopanda juu ya vikanyagio mmoja wa wanachama alipiga mluzi wa heshima. Akaingia. Mashine ikaguna, ikayumba, ikashika. Kwa hatua kumi hivi alielewa kwa nini watu wazima wanaacha shughuli zao Jumamosi: tope lilikuwa linampinga, naye alikuwa analijibu, kidole kwa kidole. Kisha mkia ukateleza, akaona tairi la mbele linapotelea chini, akalitazama, na kidole gumba chake, bila kuulizwa, kikabana mafuta mpaka mwisho.

Matope yakaruka juu kama mvua inayorudi. Mashine ikakaa chini kwa makalio yake.

Inspekta alijiandaa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Alipogeuka aliona migongo mitano. Wanachama wote walikuwa wamegeukia ukuta wa bati, wanausoma kana kwamba una habari mpya. Fundi akavua ovaroli lake, akatandika juu ya namba ya mashine. Kamba ikarushwa na mtu asiyemtazama. Wakamvuta kinyumenyume, kimya, kama wanaotoa kabati chumbani kwa mgonjwa. Koplo peke yake ndiye alikuwa amebaki ameelekea shimoni, mdomo wazi.

"Mbona mmenipa mgongo?" Inspekta akauliza alipofika pakavu.

"Hakuna aliyeona kitu, Afande," fundi akasema.

"Nimekwama mbele ya watu sita."

Wale watu wakakunja nyuso, kana kwamba ametukana mbele ya watoto. Fundi akamsogelea, akashusha sauti. "Hapa halisemwi hilo neno. Chama hiki kina miaka kumi na minane, na hakuna mtu aliyewahi. Unaelewa? Anayekuvuta anakula kiapo. Haambii mwenzake, haambii mke wake, hata aulizwe na poli..."

Akajisikia mwenyewe. Akaokota spana iliyokuwa haina kazi.

Inspekta alifuta uso polepole kwa kitambaa cha Koplo. Alikuwa amesahau goti. "Nionyeshe mashine ya shemeji yako."

"Nimeshaiosha."

"Nionyeshe hivyo hivyo."

Iling'aa kama sahani ya harusi. Inspekta akazunguka mara mbili, kisha akapiga goti lile zima, akachomoa kibanio cha nywele kichwani mwake na kukiingiza katikati ya matundu ya rejeta, ambako mpira wa maji haufiki. Akachokonoa. Kikatoka na kipande cha udongo mkavu, laini, wa kijivu karibu na mweupe. Akakiweka kwenye kiganja.

"Tope la kinamasi ni jeusi. La shimo lako jekundu, ninalo mpaka masikioni. Hili la kijivu ni la wapi?"

Fundi akatazama paa. "Afande, mimi ni shemeji yake."

"Sijauliza undugu."

"Nami naujibu huo huo undugu. Na mwenye kiwanda cha matofali kule mwisho wa barabara ni mama yangu mzazi. Zaidi ya hapo sijasema kitu, na hawa ni mashahidi."

"Hatujasikia," wakasema wale wanne, wamegeukia ukuta tena.

Mama mwenye kiwanda aliwapokea akiwa juu ya trekta lake, akalizima, akashuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Alikuwa mnene, mchangamfu, kilemba kimejaa vumbi la matofali. Akawaletea viti, akawaletea maji ya kisima chake, akauliza hali ya Koplo na ya watoto wa Koplo, akamsifu Inspekta kwa ngozi, ukiacha matope. Kisha akakaa, akakunja mikono.

"Jumamosi mchana mkwe wako alikuwa hapa," Inspekta akasema.

"Nani kasema?"

"Udongo wako."

"Udongo wangu haujui kusema. Nimeufinyanga miaka thelathini, ningejua."

Nyuma yake kulikuwa na bonde la kuchimbia, udongo wa mfinyanzi uliolowa, wa kijivu, unang'aa. Katikati palikuwa na shimo la upana wa kitanda, na kutoka kwenye shimo hilo kulikuwa na mburuzo mrefu mpaka kwenye alama pana za trekta.

"Shimo lile limechimbwa na nini, mama?"

"Kiboko."

"Kiboko wa matairi manne?"

"Siku hizi kuna kila kitu, mwanangu."

Koplo akakohoa kuficha kicheko. Inspekta akainuka, akasogea kwenye mlango wa tanuri. Ubao ulikuwa umetundikwa hapo, na kwenye ubao karatasi za moto: kila nusu saa, usiku na mchana, mtu alikuwa ameandika joto la tanuri na herufi za jina lake. Akafunua mpaka Jumamosi. Saa sita, imeandikwa. Saa sita na nusu, imeandikwa. Halafu saa nane na nusu. Mistari mitatu katikati ilikuwa mitupu. Akafunua nyuma mwezi mzima, kisha mwezi mwingine. Hapakuwa na mstari mwingine mtupu hata mmoja.

"Zamu hii ni yako, mama. Herufi ni zako. Umeacha tanuri linawaka peke yake karibu saa mbili, wewe ambaye hujaliacha hata siku ya mvua kubwa. Ulikuwa unavuta nini?"

Uchangamfu ulimtoka mama taratibu, kama moto unapopunguzwa. "Nilimpa neno langu."

"Neno la nini?"

"Nikikwambia la nini nitakuwa nimelivunja."

"Kesho saa tatu anapelekwa mahakamani. Si kuzuiwa siku mbili tatu tena. Mahakamani."

"Najua. Binti yangu hajalala." Akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Aliniapisha huku analia, mtu mzima na ndevu zake, kwamba nisimwambie yeyote. Kwangu si mkwe tu, ni mwanangu. Nenda kamwulize yeye. Akisema, nami nasema, na karatasi hiyo naileta mwenyewe. Asiposema, nifunge pamoja naye. Nitakuja na mto wangu."

Bata alipoketi tena mbele ya meza, Inspekta hakufungua daftari. Aliweka kile kipande cha udongo katikati yao. Bata akakitazama, na shingo ile iliyonyooka ikaanza kuinama.

"Ulikwama," Inspekta akasema.

"Taratibu, Afande, mlango uko wazi."

"Ulikwama kwenye udongo wa mama mkwe wako, zaidi ya saa nzima, na ukavutwa na trekta. Wakati huo huo kisanduku kinaibiwa upande wa pili wa mji. Una shahidi na karatasi, na bado unataka kwenda jela."

"Hujui chama kile," Bata akasema kwa sauti ndogo. "Wakisikia, nitaitwa nini?"

"Ukifungwa utaitwa mfungwa."

Mkono wa Bata, kwa kutafuta kazi, ukagusa picha zilizotoka kwenye faili. Akavuta moja, akaigeuza, akaigeuza tena. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe alionekana kama mtu aliyesahau kuwa anatazamwa.

"Hapa ni wapi?"

"Ndipo unapodaiwa kuvuka. Hukuonyeshwa?"

"Niliulizwa kama naweza. Picha sikupewa." Akaiinamia. "Huyu amefunga breki. Ona, kwenye kona ya kwanza, tope limesukumwa mbele ya tairi likajikunja. Amefunga, amesimama kabisa, amekata usukani, ameondoka. Kwenye tope la kina hiki. Na kwenye kona ya pili vile vile."

"Wewe usingefunga?"

"Hakuna anayefunga breki pale akatoka. Nisingepinda pia. Tope la namna ile unalipita mstari mmoja, na Mungu wako." Akapumua. Neno lilionekana likipanda kooni kama mfupa. "Mwaka jana nilijaribu pale. Asubuhi, peke yangu. Nilifika theluthi ya njia... nikakwama. Nikakwama tena nilipojaribu kurudi. Nilitoka kwa kujivuta na winchi niliyoifunga mtini." Akainua macho. "Afande, pale hapapitiki kwa kuendesha. Huyu wala hajui kuendesha. Huyu anajua chini kuna nini."

Inspekta alibaki ameitazama picha. Aliona fimbo ya Koplo ikizama yote, nusu hatua kutoka kwenye alama, kwa amri yake mwenyewe. Alikuwa amelinda zile alama vizuri mno.

"Koplo," akasema. "Lete gari. Na nondo."

Jua lilikuwa bado juu walipofika. Bata, mikono huru, alishuka ukingoni na kuishusha nondo ndani ya alama yenyewe. Tope likaruhusu mpaka magotini, kisha nondo ikagonga kitu kigumu. Akasogea mbele, akagonga. Akafuata kona ya kushoto, akagonga. Akatoka nje ya alama nusu hatua, nondo ikapotea. Koplo akavua viatu, akaingia nyuma yake, na baada ya dakika chache walikuwa wamesimama wote wawili katikati ya kinamasi, tope magotini, kama watu wanaongoja basi.

"Mabamba ya zege," Koplo akapaza sauti. "Yamepangwa, Afande. Yanakwenda na kona zake."

Msimamizi wa pampu alikuja anakimbia kutoka upande wa nyumba ya pampu, akiwalalamikia kwamba wanaharibu ushahidi. Hakuzunguka na barabara. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja topeni, pale pale alama zilipotokea, alipoona wote watatu wanautazama mguu wake. Haukuwa umezama kupita goti.

"Lilikuwa bomba la zamani," akasema, ingawa hakuna aliyemwuliza. "Lililazwa juu ya mabamba. Tulilihamisha, mabamba yakabaki."

"Tulilihamisha nani?" Inspekta akauliza.

Msimamizi akaurudisha mguu wake pakavu.

"Rudi kwa njia ya getini," Inspekta akamwambia kwa upole. "Koplo atakufuata. Nataka unieleze Jumamosi yako upya, tangu ulipolala."

Habari zilikuwa zimetangulia, kama kawaida. Pikipiki tano za matairi manne zilikuwa zimepaki barabarani, fundi na wenzake wamekaa juu yake, na nyuma yao mama wa matofali alikuwa anashuka kwenye trekta na karatasi mkononi. Inspekta akatandaza fomu ya maelezo ya Bata juu ya boneti la gari. Aliandika mwenyewe, polepole, akisoma kwa sauti kila alichoandika, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka: Jumamosi, kuanzia saa sita na nusu mchana, katika bonde la kuchimbia udongo la kiwanda cha matofali, mimi nilikwama.

Barabarani, mmoja baada ya mwingine, wanachama wakageuka wakampa mgongo. Fundi alikuwa wa mwisho.

Bata aliitazama ile migongo mitano. Kisha akachukua kalamu, akaishika juu ya mstari wa sahihi, akasita.

"Umeandika kwamba nilivutwa?"

"Nimeandika. Na trekta."

"Andika lilikuwa trekta kubwa."

Inspekta akaongeza neno. Bata akasaini.